Sura ya Tano: Kiangazi Kinapotua Swima

Mvua ya mwisho ya masika huondoka Swima bila kuaga. Siku moja ya Mei wingu linateremka kutoka milima ya Itombwe, linamwaga maji juu ya mihogo na michikichi, halafu halionekani tena. Mwanzoni hakuna anayehesabu siku. Watu wana shughuli zao: maharage ya kuanika, mihogo ya kuloweka, nyavu za kushona. Mpaka vumbi lianze kuinuka nyuma ya kila pikipiki katika barabara ya Uvira kwenda Baraka, na majani ya mipapai yaanze kufifia, ndipo mtu anasema kiangazi kimeingia. Kitakaa Juni, Julai na Agosti, na mara nyingi kitakula na sehemu ya Septemba.

Swima iko kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Baraka, katika sekta ya Tanganyika, moja kati ya sekta nne za eneo la Fizi, mashariki ya Kongo. Maji ya ziwa yako karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya vijiji vya ufukweni ardhi inapanda kwa haraka kuelekea Itombwe, ambako vilele vinapita mita 3,000. Anayepanda njia hizo anaacha nchi ya maembe na mawese na kuingia nchi ya maziwa, viazi na mablanketi.

Huku chini hakuna theluji, wala miti haibaki mitupu kama miti ya Ulaya mwezi Januari. Lakini kila mti wa matunda uliopandwa Swima una miezi yake migumu, na miezi hiyo ndiyo inayoamua kitakachoingia kapuni mwishoni mwa mwaka.

Watu wa Fizi waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kisha wakapelekwa kuishi Marekani, wameyaona majira magumu ya aina nyingine. Mtu anafika Desemba, anaukuta mtofaa wa jirani umebaki vijiti, anausikitikia kama mti uliokufa. Aprili haijaisha mti huohuo umejaa maua. Mtofaa unahitaji baridi. Aina nyingi zinataka saa 800 hadi 1,000 za hali ya hewa iliyo chini ya nyuzijoto 7 hivi kabla macho ya matawi hayajakubali kufunguka sawasawa. Usipopata baridi hiyo unachelewa, unachanua vipande vipande, unazaa hovyo. Katika mji wa Batu, kisiwani Java, ambako baridi ya namna hiyo haipo, wakulima wa matofaa hupukutisha majani yote kwa mikono baada ya mavuno ili kuudanganya mti kwamba umepumzika.

Mwembe hauna haja ya baridi kali kiasi hicho. Ukipata usiku wenye ubaridi unafurahi, na nyuzijoto zikishuka chini ya 20 kwa majuma kadhaa maua huja kwa urahisi zaidi. Lakini katika nchi za joto zilizo karibu na ikweta, kazi kubwa inafanywa na mambo mawili: umri wa matawi na kiu.

Hapo ndipo makosa mengi ya kiangazi yanapoanzia. Wengi hudhani kinachoharibu miti ni uvivu wa mwenye shamba. Mara nyingi zaidi ni huruma iliyopotea njia. Mwembe mkubwa uliosimama karibu na jiko unapata maji ya kuoshea vyombo asubuhi na jioni, kwa sababu ndipo mahali pa kuyamwaga. Nyuma ya nyumba, mche wa avoka, yaani mparachichi, uliopandwa Oktoba unakauka majani pembeni na hakuna anayepita huko. Anayestahili kiu ananyweshwa, na anayestahili kunyweshwa anaachwa na kiu.

Mwembe uliokomaa hauna shida ya kutafutiwa maji. Mzizi wake mkuu unaweza kushuka mita kadhaa, hata sita pale udongo unaporuhusu, na karibu na ziwa huko chini hakukauki upesi. Juu ya ardhi, mti unafanya hesabu yake. Baada ya mavuno ya Desemba na Januari ulitoa chipukizi mpya, laini, zenye rangi ya shaba. Majani yale yakakomaa, yakawa ya kijani kizito, yakaanza kutengeneza wanga na kuuweka akiba kwenye matawi na shina. Juni inapofika matawi hayo yametimiza miezi minne au mitano. Maji yakipungua, mti unaacha kukua. Usipokua, wanga hautumiki kwenye majani mapya. Akiba inabaki, na macho yaliyo kwenye ncha yanageuka kuwa ya maua.

Jambo hili linaweza kuonekana kwa macho matupu. Katikati ya Juni vuta tawi moja la mwembe na uangalie ncha yake. Jani likikunjwa na kuvunjika kwa mlio, limekomaa. Likipinda kama kitambaa, bado. Jicho la katikati likiwa jembamba na limechongoka, linakwenda kwenye majani. Likiwa limevimba, nono, limejaa magamba yaliyobanana, ni ua linalosubiri siku. Mwenye mti aliyezoea kuangalia hivyo anajua habari za Desemba akiwa bado Juni.

Sasa mwagilia mwembe huo maji mengi kila siku, halafu rudi baada ya majuma matatu. Utakuta umevaa majani mapya mazuri sana. Hayo ndiyo mavuno yake.

Zipo njia nyingine za kuusukuma. Ufilipino, wakulima walikuwa wakiwasha moto wa moshi mwingi chini ya miembe kwa siku nyingi mfululizo mpaka macho yafunguke. Kisha katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mimea wa nchi hiyo, Ramon Barba, akaonyesha kuwa kunyunyizia nitrati ya potasiamu kwenye majani kunafanya kazi hiyohiyo bila moshi na kwa bei ya chini. Akaacha njia yake itumiwe na kila mtu bila malipo, na mwaka 2014 nchi yake ikampa heshima ya Mwanasayansi wa Taifa. Hata hivyo dawa hiyo haifufui tawi changa. Majani yasipokomaa, hakuna kinachochanua.

Afrika Mashariki dawa ya kale ni panga. Mwembe usiozaa unapigwa, unatemwa gome, wakati mwingine unapigiliwa misumari na kutukanwa juu yake. Matusi hayafanyi chochote. Jeraha linaweza kufanya kitu: gome likikatwa, chakula kinachoteremka kutoka kwenye majani kinazuiwa njiani na kubaki juu, na mwaka unaofuata matawi yanaweza kuchanua sana. Lakini mlango uleule unaingiza kuvu na mchwa. Kuna miembe mingi iliyozaa sana mara moja baada ya panga, ikafa polepole kwa miaka iliyofuata.

Embe lenyewe ni mgeni wa zamani. Lilitoka Asia ya Kusini, likapokewa pwani, likasafiri na misafara ya pembe na watumwa kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Misafara ilipopumzika watu walikula, wakatupa kokwa. Mpaka leo miembe mikubwa inaonyesha palipokuwa njia hiyo. Chini ya mwembe wa Ujiji ndipo mwandishi wa habari Stanley alipokutana na mmisionari Livingstone mwaka 1871. Mti wenyewe umekwisha kufa, na miembe inayoonyeshwa wageni kwenye kumbukumbu ya pale inaelezwa kuwa ni wazao wake. Baada ya kukutana, wawili hao walipanda mtumbwi wakaenda hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakahakikisha kuwa mto Rusizi unaingia ziwani na hautoki. Wafanyabiashara wa Ujiji nao walikuwa wakivuka mara kwa mara kwenda pwani hii ya magharibi. Na embe halikuhitaji mkulima. Lilihitaji msafiri mwenye njaa.

Mparachichi, ambao Swima huitwa mti wa avoka, ni mtu mwingine kabisa. Asili yake ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati, kwenye misitu yenye kivuli na majani yaliyooza chini. Mizizi yake mingi inayonywa iko kwenye sentimita 30 za juu za udongo, yaani mahali panapokauka kwanza. Haina nywele nyingi za mizizi kama miti mingine, hivyo inategemea blanketi la majani yake yenyewe ili udongo ubaki na unyevu.

Na blanketi hilo ndilo linaloondolewa kila alfajiri.

Katika nyumba nyingi za Fizi, kazi ya kwanza ya siku ni kufagia ua. Ufagio wa njukuti unapita kutoka mlangoni hadi barabarani, unaacha mistari kwenye vumbi, na majani yaliyoanguka usiku yanakusanywa penye shina la mti na kuchomwa moto. Ua safi ni heshima ya nyumba, na pia ni usalama: kwenye ardhi iliyofagiliwa nyoka na nge huonekana. Hakuna mama atakayekubali kuacha takataka uwanjani kwa sababu mtaalamu fulani amesema mti una kiu. Lakini mti wa avoka uliofagiliwa hivyo kwa miezi mitatu unasimama kwenye udongo uliopasuka, mizizi ya juu imechomwa na jua, na gome limebabuka kwa moto wa majani. Agosti unaangusha matunda madogo ya ukubwa wa gololi, watu wanasema ni upepo.

Suluhisho lenye akili ni kugawana ua. Duara moja chini ya mti, upana sawa na kivuli chake cha saa sita mchana, linazungushiwa mawe ya ziwani. Ndani ya mawe hakuna ufagio. Nje ya mawe pafagiwe mpaka pang'ae. Majani yote yanayokusanywa yanatupwa ndani ya duara, pamoja na maganda ya mihogo, mabua ya mahindi na majani ya maharage. Yakifika unene wa kiganja kilichosimamishwa wima yanatosha. Yasiguse shina: paachwe nafasi ya shibiri moja wazi kuzunguka gome, la sivyo mchwa hupata daraja na gome linaoza. Wapo wanaonyunyiza majivu kwenye nafasi hiyo. Yanasaidia mpaka yaloe, na Julai hayaloi.

Mche ni habari nyingine tena. Mche wa embe au wa avoka uliopandwa Oktoba umepata miezi saba ya mvua kabla ya Juni. Aliyepanda Machi amempa mtoto wake miezi miwili, kisha akamtupa jangwani. Ndiyo maana miche mingi inayogawiwa vijijini mwishoni mwa masika, kwa shangwe na picha, huwa imekufa kabla ya Septemba. Kosa si la udongo wa Fizi.

Kiangazi cha kwanza ndicho kinachoua. Cha pili kinadumaza. Cha tatu mti unajitegemea kiasi. Katika kiangazi cha kwanza bidoni moja ya lita 20 mara mbili kwa juma inatosha mche mmoja kwenye udongo wa kawaida, ikimwagwa polepole jioni, ndani ya bakuli la udongo lililochongwa kuzunguka mche. Kikombe kimoja kila siku ni kibaya kuliko kutokumwaga kabisa kwa siku tatu. Maji machache ya kila siku yanalowesha ngozi ya ardhi tu, na mizizi inapanda juu kuyafuata, ikikutwa na jua la saa nane. Anayetaka kujua kama mche una kiu asiangalie jani la mchana, maana mchana kila jani linalegea. Aangalie alfajiri. Jani lililolegea kabla ya jua kutoka linaomba maji kweli. Au achimbe kwa vidole mpaka kifundo cha pili, achukue udongo, aufinye: ukibaki donge, subiri, ukimwagika kama unga, leta bidoni.

Swima ziwa liko karibu, lakini bidoni ina uzito uleule popote, na wanaoibeba ni wanawake na watoto ambao tayari wamebeba ya kupikia na kuogea. Kwa hiyo kila lita ina thamani. Mtungi wa udongo uliochomwa bila kupakwa kitu, ukizikwa hadi shingoni nusu mita kutoka kwenye mche na kujazwa maji, unayatoa polepole kupitia vinyweleo vyake, na mizizi inakuja kuukumbatia. Njia hiyo imo katika maandishi ya kilimo ya China ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mdomo ufunikwe kwa jiwe, la sivyo mbu wanapata kitalu. Penye upungufu wa mitungi, chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyotobolewa tundu dogo kwenye kifuniko na kuchomekwa kichwa chini inafanya sehemu ya kazi hiyo.

Kivuli nacho kina dawa. Makuti mawili ya mchikichi yakisimikwa upande wa magharibi wa mche huzuia jua la alasiri, lile linalochoma zaidi. Uzio wa matete au miiba unazuia mbuzi. Hapa mwandishi hana upole: mbuzi wa kiangazi ni adui wa kwanza wa bustani ya matunda katika Fizi, kuliko ukame, kuliko mdudu yeyote. Mavuno yamekwisha, kamba imefunguliwa, majani yote ya porini ni makavu, na mche uliomwagiliwa ndio kitu cha kijani peke yake katika kijiji kizima. Maji yote yale yamemtengenezea mbuzi chakula.

Moto unafuata. Mwezi wa Julai na Agosti usiku mistari myekundu hupanda milima nyuma ya ziwa, watu wakichoma nyasi ili malisho mapya yaote, ili panya watoke, au kwa sababu moto wa jirani umevuka. Gome la mwembe si zito kiasi cha kuvumilia nyasi ndefu zinazoungua miguuni mwake. Mti unaweza kubaki na majani kwa juma zima ukionekana mzima, kisha unakauka upande mmoja. Mwenye shamba la mlimani afyeke ukanda wa mita tatu hadi tano kuzunguka miti yake mwezi wa Juni, nyasi zikiwa bado hazijakauka, aubakize udongo mtupu. Hapa, tofauti na penye duara la avoka, utupu ndio ulinzi.

Michungwa na milimau inakaa katikati ya mwembe na mparachichi. Nayo hupenda kiu kidogo, lakini kwa kipimo. Wakulima wa kisiwa cha Sicilia, Italia, wamefanya kiu kuwa biashara: katikati ya kiangazi wanainyima milimau yao maji mpaka majani yajikunje, kisha wanaifungulia maji kwa ghafla. Mti unachanua kwa wingi, na matunda yake huja katika kiangazi cha mwaka unaofuata, wakati malimau ni adimu na bei imepanda. Swima kazi hiyo inafanywa na mbingu: Juni inafunga, Septemba inafungua. Kinachobaki kwa mwenye mti ni kulinda gome. Mchungwa unapopunguza majani, jua linagonga shina moja kwa moja na gome la upande wa magharibi linapasuka. Chokaa iliyokorogwa na maji, ikapakwa kutoka chini hadi kwenye matawi ya kwanza, inarudisha mwanga. Wengi hudhani ni urembo wa Krismasi.

Mchikichi una kumbukumbu ndefu kuliko yote. Kila kikonyo chake cha maua huamuliwa mapema kuwa dume au jike, na dume halitoi ngazi, yaani matunda ya mawese. Uamuzi huo hutokea karibu miaka miwili kabla ya mkungu kukatwa, na kiangazi kikali kinausukuma upande wa madume. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba mawese yamepungua mwaka huu, wakati mvua ni nzuri, ana haki ya kushangaa. Lakini sababu iko nyuma, katika Julai ambayo amekwisha kuisahau. Kuurundikia mchikichi makuti yake yaliyokatwa chini ya shina, badala ya kuyachoma, ni malipo ya miaka miwili ijayo.

Kiangazi kina faida moja ambayo masika haina: mtu anaona. Mimea ya chini imekauka, matawi yamepungua majani, na kirukia kinaonekana wazi, kijani mahali mti umefifia. Kirukia hakina mizizi ardhini. Ndege hula tunda lake, husugua mbegu yenye ulimbo kwenye tawi, na mbegu inachomeka ndani na kunywa maji ya mwenyeji wake. Katika masika kinajificha. Julai kinajitangaza. Tawi likatwe shibiri mbili chini ya mahali kilipoingia, maana kuking'oa kwa mkono kunaacha mizizi ndani. Huo ndio ukataji pekee unaofaa kwa mwembe wakati huu, pamoja na matawi makavu. Kupunguza kichwa cha mwembe ni kazi ya mara baada ya mavuno. Maua hutoka kwenye ncha, na anayekata ncha mwezi wa Juni anakata maembe.

Ardhi chini ya mti nayo ina wakazi. Mwaka 2003 Kenya aligunduliwa nzi wa matunda mgeni kutoka Asia. Wataalamu wakampa jina jipya mwaka 2005, na miaka kumi baadaye wakakubaliana kuwa ni yuleyule anayejulikana Asia kama Bactrocera dorsalis. Kwa muda huo alikwisha kuenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani. Funza wakishiba wanaanguka na tunda, wanajichimbia sentimita chache kwenye udongo, wanatoka wakiwa nzi. Katikati ya misimu ya maembe hawafi njaa: wanaishi kwenye mapera na machungwa. Kwa hiyo pera linalooza chini ya mti mwezi wa Julai linalea nzi wa maembe ya Novemba. Matunda yaliyoanguka yazikwe kina cha nusu mita, au yafungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuachwa juani siku kadhaa. Kuku wakiruhusiwa kuparua chini ya mwembe wanafanya sehemu ya kazi bure.

Na maji moto, sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wasichomwe. Utafiti uliofanywa Benin ulionyesha kuwa mwembe wenye sisimizi hao unashambuliwa na nzi wa matunda kidogo zaidi. Mchumaji ataumwa, hilo halina ubishi.

Kuna jambo moja ambalo halimo katika vitabu vya kilimo na bila kulitaja sura hii ingekuwa nusu. Katika Fizi mti wa matunda ni hati. Vita vya 1996 na miaka iliyofuata viliwavusha watu wengi ziwa hadi Tanzania. Kuanzia 2005, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilipoanza kuwarudisha kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, wengi walikuta nyumba zimeporomoka na mipaka imeota nyasi. Ukuta wa tope haudumu miaka tisa bila paa. Mwembe unadumu, na mwenye kukumbuka nani aliupanda ana neno mbele ya wazee. Kwa sababu hiyohiyo, anayelima shamba la kukodi huruhusiwa mihogo, mahindi na maharage, lakini haruhusiwi mti wa kudumu, maana aliyepanda mti amedai ardhi. Wakimbizi kutoka Burundi waliopokelewa katika kambi ya Lusenda kuanzia 2015 wanaijua sheria hiyo sawa na mwenyeji asiye na shamba. Mtu hawezi kubeba bidoni kwa miaka mitatu kwa ajili ya mti ambao hataachiwa. Mradi wa miche usiouliza kwanza shamba ni la nani unapoteza miche yake.

Ziwa pia limebadili hesabu. Tangu 2020 maji yamepanda mara kadhaa, yakaingia Bujumbura, Uvira, Baraka na Kalemie. Mwembe huvumilia miguu kuwa majini kwa majuma kadhaa. Mparachichi hauvumilii hata siku chache: mizizi inakosa hewa, kuvu anayeishi kwenye udongo wenye maji anaingia, na mti unanyauka katikati ya maji. Kwenye viwanja vya chini, karibu na mstari wa mafuriko, apandaye avoka anapoteza wakati. Hapo ni mahali pa mwembe na mchikichi. Avoka ipande mtelemkoni.

Mwisho wa Agosti mwembe uko katika hatari yake ya mwisho. Kila kikonyo kina mamia ya maua, mengine maelfu, na katika mia moja hata moja halifiki kuwa embe la kuchuma. Nzi wa kawaida ndio wanaochavusha zaidi, kuliko nyuki. Usiku wa ubaridi na mchana mkavu huleta ubwiri unga, vumbi jeupe linalokausha maua yakiwa bado kikonyoni. Salfa ya unga inauzuia ikipulizwa mapema asubuhi kabla maua hayajafunguka yote. Mvua ya kwanza ikiwahi, inakuja chule: madoa meusi kwenye maua, kisha kwenye vitunda. Dhidi ya mvua inayowahi hakuna la kufanya siku hiyohiyo. Kinachosaidia ni matawi makavu kuondolewa Juni na Julai, kwa kuwa ndimo chule hulala.

Embe dogo likishafikia ukubwa wa punje ya harage, kiu inageuka kuwa hasara. Kuanzia hapo maji ya vyombo yarudi kwenye shina la mwembe karibu na jiko, kama mvua bado haijashuka.

Anayetaka kupanda mwaka huu asisubiri mvua kuanza kutafuta jembe. Shimo la sentimita 60 kila upande lichimbwe Agosti, udongo wa juu uwekwe mbali na ule wa chini, jua liingie ndani kwa majuma manne. Septemba udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza na kurudishwa, ushuke wenyewe. Mvua ikishika mwezi wa Oktoba, mche uingie. Na kabla ya kwenda kununua miche kwenye kitalu, hesabuni nyumbani ni bidoni ngapi zitapatikana jioni za Julai, na nani atazibeba. Idadi ya miche ifuate hesabu hiyo.